Kwa nini wasipime muda wa kundi la elektroni, lile linalorushwa na mashine ya kuongeza kasi ya chembe, kwa kamera ya kasi?
Kwa sababu kamera inachelewa, ndugu. Kundi la elektroni la femtosekunde 100 (femtosekunde moja ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde) lina urefu wa mikromita 30 hivi, chini ya unene wa unywele. Hakuna shata ya kulikimbiza hilo.

Ujanja ni kugeuza muda uwe umbali. Kundi hupitishwa ndani ya bomba la shaba lenye mawimbi ya redio yanayosukuma kwa pembeni, na hupita pale msukumo wa wimbi unapovuka sifuri. Elektroni za mbele husukumwa juu, za nyuma chini, za katikati haziguswi. Zikigonga skrini unaona mstari, na urefu wa mstari ndio muda wenyewe. Ili kujua milimita moja ni femtosekunde ngapi, unasogeza wimbi kwa kiasi unachokijua, kisha unatazama doa limehama kiasi gani. Mimi hapo ndipo nilipoipenda: kifaa kinajipima chenyewe.

Na si mbinu ya jana. LOLA, bomba la aina hiyo lililoundwa SLAC, maabara ya kuongeza kasi ya chembe huko Marekani, miaka ya 1960, lilikuja kufungwa kwenye FLASH, leza inayoendeshwa kwa elektroni huko Hamburg, Ujerumani.