Anayelipa si yule uliyempa

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: "Je, Mkristo anayemsaidia maskini ana haki ya kungoja baraka?" Jibu langu ni ndiyo, ila asimdai maskini wala asimpangie Mungu tarehe.

Baraka zenyewe si uzushi. Mithali 19:17 inasema amhurumiaye maskini humkopesha Bwana, naye atamlipa. Lakini hapa Nairobi mstari huo umeteswa. Washa redio usiku usikie: panda mbegu ya elfu moja, nambari ya M-Pesa ni hii, gari laja. Maskini yuko wapi hapo? Mbegu inaishia kwa mhubiri, na mara nyingi anayeipanda ndiye maskini mwenyewe, kwa hela ya kodi ya nyumba. Hiyo mimi siiti ukarimu.

Napenda zaidi Kumbukumbu la Torati 24. Ukivuna ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua. Ni wa mgeni, yatima na mjane, ili Mungu akubariki katika kazi yote ya mikono yako. Mjane anaingia, anaokota mwenyewe, hapigwi picha, haitwi mbele kutoa ushuhuda. Na ahadi yenyewe imewekwa kwenye kazi, kwa hivyo mwenye shamba bado atalima.

Sisi wa Kayole hatuna mashamba, tuna daftari. Maduka mengi ya mtaani yana daftari la madeni chini ya kaunta, na ukitaka kujua nani amebanwa huhitaji kuunda kamati. Katika jumuiya yetu, mtu akifiwa na mume au akifutwa kazi, mmoja wetu hupita dukani, akauliza deni lake limefika wapi, akalipa. Unga pakiti mbili, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, makaa ya kopo la kasuku. Mwenye duka anapiga mstari ukurasa mzima. Mama akija kesho kuomba aongezewe siku, anaambiwa hana deni. Basi.

Kwa nini tusimtumie pesa kwa simu? Kwa sababu ujumbe wa M-Pesa humtaja aliyetuma, na Mathayo 6 inataka hata mkono wa kushoto usijue. (Najua, nimeutangazia mkono huo gazetini. Jina langu msiliweke.)

Mtauliza kama baraka tumeziona. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anasema waalike wasio na cha kukulipa, nawe utalipwa katika ufufuo wa wenye haki. Kwa anayengoja gari, huko ni mbali! Ya hapa duniani niliyoyaona ni madogo: aliyelipiwa wakati wa shida, akipata kibarua, huja kuuliza sasa ni zamu ya nani. Paulo aliwaandikia Wakorintho vivyo hivyo alipokuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, kwamba wingi wa hawa ufae upungufu wa wale, na kesho wa wale uwafae hawa.

Kuna wanaosema maskini wengine ni waongo. Wapo, kama walivyo matajiri waongo. Ila duka letu haliuzi pombe, kwa hivyo kilichoandikwa kwenye daftari lile kimeliwa, kimewashwa au kimefulia nguo za watoto.

Msomaji, Kayole