Miguu Isiyotulia Usiku Wakati wa Ujauzito

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Muheza, mkoani Tanga, na nina ujauzito wa miezi saba. Kila ninapojilaza usiku nahisi kama kuna vijidudu vinatambaa ndani ya vigimbi, na nisipoinuka kutembea sipati nafuu. Mchana hali hiyo hainisumbui. Vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki navimeza kila usiku kwa chai ya rangi, baada ya chakula. Je, kuna tiba ya nyumbani isiyomdhuru mtoto?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hali inayoanza mtu anapopumzika, ikazidi usiku na kupungua anapotembea, ni tofauti na kukakamaa kwa misuli, ambako huuma sana na kuufanya mguu uwe mgumu kwa muda. Hali hii yako, ya miguu kutotulia, huwapata wajawazito wengi, hasa miezi mitatu ya mwisho, na kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua.

Nianze na hiyo chai, kwa sababu naamini kuiacha usiku kutakusaidia kuliko jambo lolote la kuongeza. Chai ina kafeini, ambayo hufukuza usingizi na kwa baadhi ya watu huzidisha hali hii. Isitoshe, tanini zilizomo hushikana na madini ya chuma tumboni, hivyo sehemu kubwa ya chuma unachokimeza huenda haiingii mwilini, ilhali upungufu wa chuma ni miongoni mwa sababu kuu za miguu kutotulia. Meza vidonge vyako kwa maji, pamoja na chungwa, ambalo kwenu Muheza halikosekani, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai inywe asubuhi, mbali na mlo na mbali na vidonge. Usijiongezee idadi ya vidonge bila ushauri.

Kliniki, waombe wakupime wingi wa damu na, inapowezekana, akiba ya chuma, yaani feritini. Damu inaweza kuonekana ya kutosha huku akiba ikiwa ndogo, na wataalamu wa tatizo hili hushauri mgonjwa aongezewe chuma feritini isipozidi mikrogramu 75 kwa lita. Waeleze pia dawa zote unazotumia, kwani dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, zinaweza kuchochea hali hii, na inasikitisha kwamba wengi huzimeza wakitafuta usingizi huo huo.

Jioni tembea kidogo bila kujichosha. Kabla ya kulala, loweka miguu katika maji ya uvuguvugu, kisha umwombe mtu wa nyumbani akukande vigimbi taratibu kwa mafuta ya nazi. Halafu simama ukiegemeza mikono ukutani, mguu mmoja nyuma na kisigino kikiwa chini, hadi uhisi kigimbi kinavutika, ubadilishe mguu. Hali ikikuamsha, inuka utembee chumbani badala ya kupambana nayo kitandani.

Lakini mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukawa na joto au ukauma kwenye kigimbi, usiukande wala usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku, kwa maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa.