Wakala anataka kukaa na pasipoti yangu

SWALI: Dada, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Malindi. Jirani amenikutanisha na wakala mwenye kazi ya nyumbani Dammam, Saudia, mshahara riyali 900 kwa mwezi. Silipi chochote, hata tiketi. Ila mkataba nitausaini nikishafika, na pasipoti anataka akae nayo yeye. Mume wangu asema nisiiachie bahati. Nifanyeje? – Mama Z.

JIBU: Mdogo wangu, pasipoti usimpe.

Nimekuwa kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, Riyadh, na wengi niliokutana nao kule walitoka Pwani: Kilifi, Kwale, Likoni. Wengi wao walipelekwa na mtu wanayemjua, jirani au mwenzao wa chama, anayejua nani kafukuziwa mtoto shule kwa karo. Na hiyo "hulipi chochote" inageuka deni siku utakayotaka kuondoka. Kafili, yaani mwajiri anayekudhamini kule, anakwambia kakulipia pesa nyingi, umrudishie kwanza.

Mwenzangu wa Kwale alipofika alipokonywa simu mlangoni, akalazwa stoo kando ya mashine ya kufulia. Alijua anaenda nyumba moja. Zikawa tatu: asubuhi kwa mwenye nyumba, jioni kwa dada yake, Ijumaa kwa wakwe. Mkataba aliousainishwa ulikuwa wa Kiarabu mtupu. Na ukitoroka, kafili anakuripoti mtoro, basi unatafutwa wewe. Mwaka 2021 Saudia ililegeza sheria ili wafanyakazi wabadilishe mwajiri, lakini wa majumbani hawakuingizwa.

Usidhani kwa kuwa ulikubali mwenyewe huna haki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu haijali ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu. Anayesafirisha watu kwenda kunyonywa anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30.

Sikukatazi kwenda. Wapo waliojenga kwa pesa za Saudia, na nimefurahi nao. Lakini jina la ofisi ya huyo wakala liulizie kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kama lina leseni. Mkataba uusome na kuusaini ukiwa hapa Kenya, kwa lugha unayoielewa. Viza iwe ya kazi. Ya matembezi ikatae. Nakala za kila karatasi muachie mamako.

Na yule jirani muulize, mumeo akiwepo, yeye anapata shilingi ngapi ukipanda ndege.