Kwotabeki akiangushwa, kosa ni la nani?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nimeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani tangu nihamie Minneapolis. Kuna timu ambayo kwotabeki wake, yaani mchezaji anayerusha pasi, ameangushwa akiwa bado na mpira mkononi mara 40, na nyingine mara 28. Je, walinzi wanaomkinga kwotabeki wa hiyo ya pili ndio bora?

JIBU: Marahaba. Bado huwezi kusema hivyo. Anayerusha pasi 650 ana nafasi nyingi zaidi za kuangushwa kuliko anayerusha 400. Kwa hiyo jumlisha pasi alizorusha na mara alizoangushwa, kisha utafute mara alizoangushwa ni asilimia ngapi ya jumla hiyo. Mwaka 2002 David Carr wa Houston Texans aliangushwa mara 76, rekodi ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, kwa msimu mmoja, huku akirusha pasi 444. Ni asilimia 14.6, balaa kwelikweli.

Hata hivyo, usiwatwike mzigo wote wale walinzi watano wa mbele. Tazama Denver Broncos. Mwaka 2011 Tim Tebow aliangushwa mara 33 kwa pasi 271, karibu asilimia 11. Mwaka uliofuata akaja Peyton Manning: mara 21 kwa pasi 583, asilimia 3.5. Walinzi wa pembeni walikuwa wale wale, Ryan Clady kushoto na Orlando Franklin kulia! Manning aliwasoma wapinzani kabla mpira haujaanza kuchezwa, akauachia mapema. Tebow alikaa nao akitafuta upenyo.

Ndiyo maana mimi huanza na saa. ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, wana kipimo kinachouliza kama mlinzi alimzuia mtu wake kwa sekunde 2.5. Nakipenda sana, kwa kuwa kinamhukumu mlinzi kwa kazi yake mwenyewe, si kwa uzembe wa aliye nyuma yake. Baada ya hapo angalia presha, yaani mara ngapi kwotabeki alikimbizwa au kugongwa hata kama hakuanguka. Ila presha huhesabiwa na watu wanaorudia kutazama video, na macho hutofautiana. Usilinganishe timu moja kwa namba za mhesabuji huyu na nyingine kwa za yule.

Jumapili jaribu hivi: mpira ukianza, usiufuate. Mkazie macho mlinzi wa kushoto kabisa, anayelinda mgongo wa kwotabeki atumiaye mkono wa kulia. Hesabu sekunde mbili na nusu, ndipo utazame mpira uko wapi.