Diani kwa basi, treni au ndege: maswali yenu ya safari na majibu yake

Haya jamani, tangu niitaje Diani mmeniuliza sana, na maswali mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyachambua nijibu yale yanayojirudia. Kwa ambaye hajawahi kufika, Diani ni mji wa ufukweni Kenya, kaunti ya Kwale, kusini ya Mombasa, na ukiwa Tanga kwenda Diani ni karibu kuliko kwenda Dar, watu wengi hilo hawalijui kabisa. Mimi msimamo wangu ni mmoja tu na mtauona kwenye kila jibu: hoteli iwe kitu cha mwisho kulipia. Anza na bahari, yaani tarehe, halafu njia, halafu makaratasi, hoteli zipo nyingi za kila mfuko na hazihami.

Niko Morogoro, nataka kupanda basi la Dar kwenda Mombasa. Nimeambiwa nishuke Mombasa mjini halafu nivuke feri kurudi Diani. Ni kweli?

Hapana, aliyekuambia hivyo anakuzungusha bure. Basi likitoka Dar linapita Tanga, linavuka mpaka Horohoro, upande wa Kenya panaitwa Lunga Lunga, halafu linanyoosha barabara ya pwani ya kusini na linapita UKUNDA kabla halijafika Likoni. Ukunda ndio mji wa barabarani wa Diani, ufukweni ni kilomita chache tu. Sasa ukipitiliza mpaka Mombasa utakaa foleni ya feri Likoni kuingia mjini, halafu kesho uvuke feri ileile kurudi ulikotoka, na mabegi na watoto, ya nini yote hayo?

Unapokata tiketi mwambie wakala unashukia Ukunda, mkiondoka Lunga Lunga mkumbushe konda tena, usikae kimya maana wengi ndani ya basi wanaenda Mombasa na dereva hana sababu ya kusimama kama hujasema. Na begi lako hakikisha haliko chini kabisa ya buti. Ukishuka pale kuna tuktuk, ndio bajaji zetu, kuna matatu, ndio daladala zetu, na boda, patana bei kabla hujapanda. Kutoka Dar ni safari ya siku nzima kwa hiyo chukua basi la asubuhi, na kama una nafasi lala Tanga kwanza, uvuke mpaka kesho yake ukiwa na nguvu, hiyo mimi naipenda zaidi hasa kwa wenye watoto na wazee.

Kitambulisho cha NIDA kinatosha? Na hii eTA ya Kenya, kibali cha kuingia cha mtandaoni, nalipia?

NIDA haitoshi dada yangu. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda ndio wanavuka kwao kwa vitambulisho, sisi Tanzania hatumo kwenye mpango ule. Wewe unahitaji pasipoti, au kama huna na safari imekaribia, uhamiaji wanatoa hati ya dharura ya safari ambayo inatumika nchi za Afrika Mashariki. eTA ilianza Januari 2024 lakini Mtanzania haimhusu, huombi na hulipi, kwa hiyo ukikuta mtu mtandaoni anakudai dola za kibali cha kuingia Kenya funga hiyo kurasa.

Mpakani mnashuka wote kwenye basi, mnapita uhamiaji wa nchi zote mbili, na hapa naomba mnisikie vizuri: angalia mwenyewe kwamba muhuri wa kutoka Tanzania upo NA muhuri wa kuingia Kenya upo. Watu wanakimbilia basi lisiwaache, wanakosa muhuri mmoja, halafu wakati wa kurudi wanawekwa pembeni wajieleze na basi zima linawasubiri. Mtoto naye awe na hati yake, na kama mzazi mmoja ndiye anasafiri naye beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Unaweza usiulizwe kabisa, lakini ukiulizwa huna, siku imeharibika.

Kadi ya njano bado wanaitaka?

Ibebe. Ya homa ya manjano nazungumzia. Sindano inatakiwa iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka, kwa hiyo usiende kuchoma jana ya safari ukadhani umemaliza. Tena wengi wanaifikiria kwa kwenda tu wakati balaa liko kwenye kurudi, maana Tanzania inawaangalia wanaotoka Kenya. Kizuri ni kwamba tangu 2016 shirika la afya duniani lilisema chanjo moja ni ya maisha, kwa hiyo kama una kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, bado ni nzima, itoe kabatini.

Hela nibadilishe wapi? Na M-Pesa yangu ya Tanzania itafanya kazi?

Shilingi moja ya Kenya inacheza kwenye 20 za kwetu, inapanda na kushuka kidogo, angalia siku hiyohiyo kwenye simu kabla hujafika mpakani ili usidanganywe. Pale mpakani kuna vijana wanabadilisha mkononi, mimi siwashauri mbadilishe kiasi kikubwa kwao, badilisha cha nauli na chai, kingine benki au duka la fedha. Na kuna jambo moja la kuangalia sana, noti ya 1,000 ya zamani ya Kenya ilikufa, mwisho wake ulikuwa 30 Septemba 2019, haipokelewi dukani wala benki. Noti mpya zina picha ya jengo la KICC mbele, za zamani zina sura ya rais. Ukipewa elfu yenye sura, rudisha palepale.

Kuhusu simu, nunua laini ya Safaricom kwa pasipoti yako, isajiliwe na M-Pesa ya kule ifunguliwe, hapo umemaliza shida zote maana Kenya mpaka muuza madafu anapokea M-Pesa, na utaona namba ya till, yaani namba ya kulipia, imebandikwa kila kibanda. Kuhangaika na keshi kwenye suruali ya kuogelea hakuna maana.

Mimi na mume wangu tunataka kwenda kuogelea hasa, twende mwezi gani? Rafiki yangu alienda akakuta bahari imekauka!

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wewe mama umeliuliza vizuri, nitalijibu kwa urefu.

Kuna mambo mawili, upepo na maji. Upepo kwanza. Kaskazi inavuma kama Desemba mpaka Machi, bahari inakuwa safi, maji yanang'aa, joto kali. Halafu inakuja masika, Aprili na Mei mvua kubwa, hoteli nyingine zinafunga kabisa zifanye ukarabati. Kusi ndio inatawala katikati ya mwaka, Juni Julai kuna ubaridi wa kupendeza lakini mawimbi yamechafuka na mwani unaletwa ufukweni kwa wingi, unatembea juu yake. Oktoba Novemba upepo unatulia. Kwa kuogelea mimi ningekwambia Januari mwishoni, Februari au Oktoba. Desemba pazuri pia lakini bei zinapaa na Nairobi yote imehamia huko, hivyohivyo Pasaka na Agosti shule zikifungwa.

Sasa maji, na hapa ndipo rafiki yako alipokwama. Bahari haikukauka, alienda wakati wa bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, maji ya pwani yetu yanatoka sana na kujaa sana, tofauti inapita mita 3, na siku hizo maji yanakupwa kama saa nne asubuhi, halafu yanajaa jioni kama saa kumi. Kwa hiyo mtu ameamka, amekunywa chai, ameshuka ufukweni saa nne, anakuta mchanga na mawe mpaka kule mwambani na wadudu wenye miba mirefu myeusi, anakata tamaa anarudi chumbani, wakati angerudi saa tisa angekuta maji ya kifuani! Maji mafu ni kinyume chake, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki sana wala hayajai sana na yanajaa kwenye saa nne tano asubuhi, wakati mnaoutaka wengi. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Kwa hiyo kabla hujalipa hoteli fungua kalenda uangalie mwezi. Mnaotaka kuogelea asubuhi, wiki ya nusu mwezi. Mnaotaka kutembea na watoto kwenye vidimbwi mwambani kuangalia samaki na viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, bamvua ndio yenu, ila vaeni viatu vya mpira na mrudi mara tu maji yanapoanza kugeuka, msisubiri. Ukifika muulize mvuvi yeyote atakupa saa kamili.

Sisi tunatoka Dodoma tutapita Nairobi kwa ndege. Tuendelee na ndege au treni?

Yote mawili sawa, inategemea haraka. Diani ina kiwanja chake pale Ukunda, ndege za Jambojet zinatoka JKIA, kiwanja kikubwa cha Nairobi ambako ndege yenu itatua, lakini ndege ndogo nyingine zinaruka Wilson, kiwanja kingine kabisa ng'ambo ya mji, na foleni ya Nairobi mnaisikia. Soma tiketi vizuri imeandikwa wapi kabla hujalipa.

Treni ya SGR ya Nairobi kwenda Mombasa ina raha yake, mnapita katikati ya hifadhi ya Tsavo na ukikaa dirishani unaweza kuona tembo. Inatoka Syokimau, si mbali na JKIA, masaa matano sita hivi mpo Miritini, stesheni ya Mombasa. Daraja la chini lilipanda kutoka 1,000 mpaka 1,500 za Kenya Januari 2024. Tiketi zinaisha mapema wikiendi na sikukuu, msitegemee kukata mlangoni. Mkishuka Miritini msikubali dereva awapitishe Likoni, mwambieni apite Dongo Kundu, ile barabara mpya yenye madaraja inatokea moja kwa moja upande wa kusini bila feri.

Kuona pomboo ni Diani penyewe?

Hapana, ni Shimoni, mnarudi kusini kuelekea mpakani, halafu boti mpaka hifadhi ya Kisite-Mpunguti, kisha mnakula kisiwani Wasini. Kama mnatoka Tanga na mnapita barabarani kweli kuna hesabu ya kulala Shimoni kwanza kabla ya Diani, mnaokoa mizunguko. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa mtandao wa eCitizen, keshi hawapokei, na mna bei ya wana Afrika Mashariki, onyesheni pasipoti. Wakati wa kusi kali bahari ya huko inasumbua, ila Julai mpaka Septemba nyangumi wanapita, sasa chagua wewe. Makombe na matumbawe msiokote.

Nakuja na gari yangu.

Karibu sana. Bima ya kadi ya njano ya COMESA (si ile ya chanjo), kadi ya gari halisi, na kama gari si jina lako barua ya mwenye gari. Forodha watakupa kibali cha muda, kina tarehe ya mwisho, usiipitishe.

Mfuko wa rambo wa kubebea chakula njiani?

Acha nyumbani. Kenya walipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019. Kikapu au mfuko wa kitambaa. Na chakula kikibaki msikiache kibarazani hotelini, tumbili wa Diani wanafungua mpaka mlango wa kusukuma, funga dirisha hata ukienda kuoga. Mbega wao hawana shida, wale weusi wenye manyoya meupe, wamewekewa hadi ngazi za kamba juu ya barabara wavuke wasigongwe na magari, naomba mpunguze mwendo pale.

Naweza kurudi Jumapili, Jumatatu niko kazini Dar?

Kwa basi usifanye hivyo kaka. Mpakani kukiwa na magari mengi utaingia Dar usiku sana. Ondoka Diani Jumamosi asubuhi, na siti ya kurudi iwekee nafasi ukiwa bado Dar, maana basi linatoka Mombasa na likifika Ukunda linaweza kuwa limeshajaa.