Ukienda nyumbani kwa kina Hathaway, omba mvua inyeshe

Mara ya kwanza nilipofika Shottery, kijiji kilichopakana na mji wa Stratford-upon-Avon, nilifanya wanachofanya wengi. Nilipiga picha za maua, nikajigonga paji la uso kwenye boriti ya mlangoni, nikarudi kwangu na nundu. Nyumba yenyewe sikuiona. Mara ya pili nilikwenda na mama, amekuja kunitembelea kutoka Pangani, na mvua ikatukuta njiani. Nilikasirika. Kumbe ndiyo siku niliyopaswa kwenda tangu mwanzo.

Hapo ndipo alipokulia Anne Hathaway, aliyeolewa na Shakespeare Novemba 1582, bibi harusi ana miaka 26 na bwana harusi 18. Waingereza wanaiita kijumba, lakini usidanganywe na jina. Ina vyumba 12, na ilikuwa nyumba ya mkulima na mfugaji wa kondoo, si kibanda cha mtu fukara.

Usiingie ndani upesi. Simama bustanini utazame paa, na kama mvua inanyesha, simama papo hapo na mwavuli wako. Paa limeezekwa kwa mabua. Mapaa ya namna hii husimama kwa mwinamo wa karibu nyuzi 50, na unene wake huwa kama sentimita 30. Maji hayapati nafasi ya kutulia: yanateleza kutoka bua hadi bua, na mabua yanayolowa ni ya juujuu tu. Mama aliyaona kabla yangu. "Halina mifereji," akasema, "tazama upenu ulivyotoka nje." Kweli, maji yalikuwa yanadondoka mbali na ukuta, mstari mmoja mrefu, kama shanga. Siku ya jua hilo hulioni.

Mama ameezeka makuti maisha yake yote, kwa hiyo alitaka kujua mabua yanashikwa na nini. Mafundi hupasua vijiti vya mti wa hazeli, wakavisokota katikati na kuvikunja kama pini ya nywele, kisha wakavichomeka. Kwenye mgongo wa paa ndiko kunakochakaa haraka, hivyo hutengenezwa upya kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, wakati vipaa vyenyewe vinaendelea. Kwa hiyo ukisikia paa lina umri mkubwa, jua mabua unayoyaona si yale ya zamani.

Sasa ingia, na uiname. Nimeshakwambia kuhusu nundu.

Ndani, wageni hukimbilia vitanda na viti. Wewe tafuta ukuta. Mama alisimama mbele ya mmoja muda mrefu hadi watu wakaanza kutupita, kisha akaninong'oneza, "Kumbe na wao walikandika!" Ndivyo. Kati ya nguzo za mwaloni walisimamisha miti, wakasuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, juu wakapaka chokaa. Nimekaa Uingereza miaka mingi nikiona haya kusema kwamba nimezaliwa katika nyumba ya udongo, na hapa watu wanalipa kiingilio kuiona.

Kuta hizo hazibebi paa. Ukipanda ghorofani, uliza mahali yanapoonekana magogo yaliyopinda. Huanzia chini, ubavu huu na ubavu huu, na kukutana juu kabisa, kama mataruma ya jahazi lililopinduliwa. Mara nyingi maseremala walichagua mti mmoja uliopinda wenyewe, wakaupasua katikati ili pande mbili zilingane. Waliuchonga ungali mbichi na kuufunga kwa vigingi vya mbao. Mwaloni ukikauka hujikaza, na kiungo kinabana zaidi. Sehemu kongwe ya nyumba hii inahesabiwa kuwa ya mwaka 1463. Kwa kuwa uzito umo kwenye magogo, ukuta ukioza unaubomoa na kuukandika tena, nyumba ikiwa imesimama vilevile.

Mwanzoni hapakuwa na ghorofa. Nyumba za aina hii zilikuwa ukumbi ulio wazi hadi kwenye paa, moto katikati, moshi ukijitafutia njia kwenye mabua. Mama hakuhitaji maelezo. Makuti ya jikoni hudumu kwa sababu ya moshi huohuo, wadudu hawaupendi. Baadaye zikaja dohani na sakafu za juu, zikapachikwa ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Usishangae basi sakafu inapoyumba chini ya miguu au boriti inapokusubiri usawa wa macho.

Moto ndio hofu kubwa. London ilipiga marufuku mapaa ya mabua baada ya moto mkubwa wa 1212. Hata hii ya kina Hathaway iliungua vibaya mwaka 1969, ikatengenezwa.

"Na panya?" mama aliuliza tukiwa ngazini. Nikamwonyesha mti mrefu unaopita juu ya ukuta. Kwetu unaitwa mtambaapanya, nikamwambia jibu lake analo. Alicheka hadi mhudumu akageuka.

Mambo mengine ni madogo. Vaa viatu visivyoteleza, kwa sababu bustani inashika maji. Kama unakwenda na mzee, mtangulie ukishuka ngazi, na usimharakishe. Kutoka katikati ya Stratford mnaweza kutembea kwa miguu kwa nusu saa hivi, lakini mkilowa kama sisi, rudini kwa teksi.