Kabla hujazima tangazo, fungua daftari

Nauza mashuka ya 6 kwa 6 kupitia Instagram na WhatsApp, hapa Dar es Salaam. Mzigo nachukua Kariakoo. Seti moja nanunua 22,000 na kuuza 35,000, mfuko na usafiri wa kutoka sokoni vinakula 1,000, bodaboda analipa mteja. Inanibakia 12,000. Naanza na hesabu hii makusudi, maana usipoijua, namba zote utakazoonyeshwa kwenye tangazo hazitakusaidia.

Tangazo la kwanza nililipia 5,000 kwa siku kwa kubonyeza tu kitufe kilicho chini ya posti. Lengo nikaweka watu watembelee ukurasa, eneo nikaacha Tanzania nzima. Laiki zikamiminika. Watu wa Kigoma na Mbeya wakawa wanauliza bei, na mimi wakati huo sikuwa na utaratibu wa kutuma mzigo kwa basi. Siku ya pili jioni sijauza hata seti moja, nikalizima. Nikaweka jingine lenye picha nyingine, nalo nikalizima. Mara nne hivyo, elfu 40 ikaenda.

Sikujua kwamba tangazo jipya likianza, mfumo wa Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, hujifunza kwanza nani wa kumwonyesha. Meta wenyewe wanaeleza kuwa yanahitajika matokeo kama 50, yaani watu kufanya lile uliloweka kama lengo, ndani ya wiki moja ndipo mfumo utulie, na ukigusa jambo kubwa, kama picha au walengwa, mfumo unaanza kujifunza upya. Matangazo yangu yote manne yalizimwa yakiwa bado yanajifunza.

Safari ya tano nikabadilika. Lengo: ujumbe wa WhatsApp. Eneo: Dar peke yake. Bajeti 10,000 kwa siku, siku saba, na nikajikataza kugusa kitu. Pembeni nikafungua daftari lenye safu nne: saa aliyoandika, alichouliza, saa niliyomjibu, amelipa au hajalipa. Kila mteja nilimuuliza, "Dada, umetuonea wapi?" Aliyetoka kwenye tangazo nikamwekea alama ya T.

Wiki ikaisha na chati 61 za WhatsApp, waliolipa 8, kila mmoja seti moja. Gawanya 70,000 kwa 8 upate 8,750: hiyo ndiyo gharama ya kumpata mteja mmoja. Kwa kuwa seti inaniachia 12,000, nilibaki na 3,250 kwa kila mteja. Ni kidogo, lakini si hasara, na mwisho wa mwezi mishahara ilipotoka wawili kati ya waliosema "nitakucheki" wakarudi kweli. Ningefunga hesabu siku ya pili nisingewaona.

Lakini kilichonifungua macho ni ile safu ya saa. Chati 23 ziliingia baada ya saa mbili usiku, watu wametulia nyumbani na simu zao. Mimi nilikuwa nazijibu asubuhi. Mmoja aliandika saa 3:40 usiku, "Ya kijivu ipo? Niko Tabata, nataka kesho." Nilimjibu saa moja asubuhi. Alikuwa ameshanunua kwingine. Kati ya hao 23 alilipa mmoja tu. Tangazo lilikuwa limeshaniletea mteja mlangoni, mlango ukawa umefungwa, na mimi nilikuwa tayari kulilaumu tangazo.

Wiki iliyofuata picha ile ile, bajeti ile ile, ila nikawa najibu hadi saa nne usiku. Chati 58, waliolipa 10. Ukitaka kujaribu kitu, badilisha kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimeleta tofauti.

Wiki ya tatu nikaandika bei kwenye picha yenyewe. Wenzangu wengi wa mtandaoni wanaogopa kufanya hivyo, wanapenda mtu aulize kwanza. Chati zikashuka hadi 38, na gharama ya chati moja ikapanda kutoka kama 1,200 hadi kama 1,840. Ukiangalia kwenye simu utasema tangazo limeharibika. Kwenye daftari waliolipa ni 12, kumpata kila mmoja kumenigharimu chini kidogo ya 5,900, na hakuna aliyeniuliza bei kisha akapotea. Tangazo hilo bado linaendelea, sijaligusa.